KUZIBA UFA WA CHOMBO
Hotuba ya wanachama wa ziwani



Twasema kwa niaba ya wanachama wa pwani ya Ziwa Tanganyika, tokea Kasanga na Kipili hata Kirando na Kabwe. Chama chetu kimetimiza miaka 10, na katika furaha hii tumepewa nafasi ya kusema machache. Tumechagua kusema juu ya matengenezo ya maboti.

Huenda mkulima wa huku Sumbawanga, akaaye juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,700, akauliza: maboti yanihusu nini? Yakuhusu, ndugu, kwa kuwa mazao yako hushuka ziwani, na migebuka na dagaa hupanda kwako. Tena tuna deni la ungamo. Msimu mmoja boti letu la faibagilasi liligonga jiwe, likapata ufa chini ya ubavu. Sisi tulikuwa na haraka. Tuliujaza ufa ule kwa puti, tukapiga msasa, tukapaka rangi, na kila aliyeutazama aliusifu. Kisha tukapakia maharage yenu. Upepo wa kusini ulipovuma, puti ilibanduka kipande kizima. Tulifua maji usiku kucha, na hapakuwa na budi kutosa magunia 14. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Magunia tuliyalipa kwa misimu miwili, na somo lile hatukulisahau.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba yakupasa kujua unauziba kwa kitu gani.

Faibagilasi ni nyuzi nyembamba za kioo, zilizofumwa kama kitambaa au kutandazwa kama mkeka, kisha zikaloweshwa resini ikagandia humo. Nguvu ya boti imo katika nyuzi; resini huzishika nyuzi pamoja. Puti haina nyuzi ndefu za kuvuta mzigo, na puti ya magari hunywa maji. Kazi yake ni kusawazisha uso tu, wala haifai kuwekwa chini ya mstari wa maji.

Basi ufa hutengenezwa hivi. Kwanza, boti lipandishwe nchi kavu, likaushwe siku kadhaa, maana resini haishiki penye maji wala mafuta. Pili, sehemu iliyovunjika ikatwe hata kufikia sehemu nzima, kisha kingo zichongwe kwa mteremko mrefu, upana wake mara 12 ya unene. Ubavu wa milimita 5 wataka mteremko wa milimita 60 kila upande. Fundi mvivu huona huko ni kuharibu boti. Kumbe kiraka hupata nguvu kwa kushikana na eneo pana. Tatu, vitambaa viwekwe tabaka juu ya tabaka, kila kimoja kikilowa sawasawa, na mapovu ya hewa yasukumwe nje kwa rola. Mwisho kabisa ndipo huja puti kidogo na rangi.

Resini ya poliesta huganda kwa kutiwa dawa yake kwa kipimo cha gramu 10 hata 20 kwa kila kilo. Hapa uwanda wetu huleta mtihani. Asubuhi ya mwezi wa Juni huku juu, baridi ikiwa chini ya nyuzi 15, resini hukawia, au huganda nusunusu. Fundi akiona hivyo huongeza dawa kwa kukisia. Resini hupata moto, hupasuka, na kiraka huwa kikavu kama kigae. Afadhali kungoja jua, au kufanya kazi kule chini ziwani, kimo cha mita 770 hivi, kuliko na joto. Dawa hiyo ikiingia jichoni yaweza kupofusha, na isichanganywe kamwe peke yake na kichapuzi cha kobalti, maana hulipuka. Miwani, glavu na barakoa si anasa.

Mitumbwi ya mbao ina desturi yake. Mbao hujaa maji na kunywea, ndiyo maana wazee wetu walikalafati kwa pamba na mafuta, dawa inayokubali kusogea pamoja na mbao. Anayebandika faibagilasi ya poliesta juu ya mbao mbichi hufungia maji ndani, mbao zikaoza gizani. Mbao zikiwa kavu kabisa, epoksi hushika vizuri zaidi, ijapokuwa bei yake ni kubwa.

Meli ya Liemba, ambayo sisi sote twaijua, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake mafuta mazito. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ile ni ya chuma na maboti yetu ni ya nyuzi za kioo, lakini katika yote mawili matengenezo mazuri huanza kabla ya kuharibika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaleta maombi matatu. La kwanza, Chama kinunue resini kwa pamoja. Safari ya kutoka Dar es Salaam hata hapa yapita kilomita 1,100, na mtu mmoja akinunua kopo moja hulipia njia nzima. Tena resini ikikaa miezi mingi katika joto huganda ndani ya kopo lake. Inunuliwe kwa kiasi cha msimu, na tarehe zisomwe. La pili, pawe na banda moja la matengenezo ufukoni, lenye mizani, rola na vifaa vya kujikinga. La tatu, kazi ifanywe wakati wa kiangazi. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa ziwa ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti. Miezi ya namna hiyo, wavu ukiwa umepumzika, ndiyo ya kulipindua boti na kulichunguza.

Nasi kwa upande wetu twaahidi kwamba hakuna boti litakalopakia gunia la mwanachama kabla halijakaguliwa na watu wawili, ndani na nje, kabla ya rangi kupakwa. Yeyote miongoni mwenu akishuka ziwani, na auombe ukaguzi huo auone kwa macho yake.