Tofauti, Hitilafu na Bandia: Kuzitambua Sarafu za Mkoloni Katika Pwani ya Tanga

Mada kwa semina ya walimu, vijana na wachuuzi wa vitu vya kale, Kigombe



Nimepewa kuzungumzia sarafu za zamani, hasa za Mwingereza: ipi ilitoka kiwandani na hitilafu, ipi ni toleo tofauti tu, na ipi ni ya kughushi. Mahali penyewe panafaa. Kati ya Tanga na Pangani kila aliyetawala aliacha chenji yake. Majahazi yalileta riali, Kampuni ya Kijerumani ikaleta rupia na pesa, serikali ya Kaizari ikaongeza heller, kisha Mwingereza akaja na senti za tundu na shilingi ya simba. Mashamba ya mkonge yalilipa mishahara kwa sarafu hizo, na jembe likipita palipokuwa kambi za manamba si ajabu kuibuka na senti. Kwa hiyo nitawachanganya Mwingereza na Mjerumani, kwa kuwa hata sandukuni mwa bibi wamechanganyika.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Sarafu nyingi zinazouzwa kwa madai kwamba zina kosa la kiwandani hazina kosa lolote. Ama ndivyo zilivyokusudiwa, ama zimechakaa, ama kuna mtu amezichezea. Kosa la kweli ni adimu, na halithibitishwi kwa maneno ya anayeuza.

Yanayodhaniwa kuwa makosa

Chukueni sarafu ya senti 50 ya mwaka 1920. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba senti hamsini ni shilingi moja. Kila mtu hapa anajua kuwa senti hamsini ni sumni, nusu ya shilingi, kwa hiyo anayeiokota hudhani kiwanda kilikosea. Hakikukosea. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na mwaka 1920 rupia ikageuzwa kuwa florini yenye senti 100, thamani yake shilingi mbili za Uingereza. Kwa hesabu hiyo senti 50 zilikuwa shilingi moja kamili. Florini haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi yenye senti 100, na sumni ya mwaka huo ikaandikwa nusu shilingi. Sarafu ile ya 1920 ni adimu kweli na ina bei, lakini uadimu wake unatokana na uamuzi wa serikali uliobatilishwa. Mafundi wa kiwandani hawana lawama yoyote hapo.

Kinyume chake ni senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936 kabla hajavikwa taji, na Uingereza kwenyewe hazikutolewa sarafu zake kwa matumizi ya watu. Huku kwetu zilitolewa, kwa sababu senti ya tundu haina sura ya mfalme, ina jina tu. Zilipigwa kwa mamilioni. Mwuzaji atakusimulia habari za mfalme aliyeacha kiti kwa ajili ya mwanamke, na habari yenyewe ni ya kweli, lakini bei anayoitaja si ya kweli. Nunueni kwa bei ya senti nyingine yoyote ya umri huo.

Wengine hubabaishwa na herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton cha mji huohuo. SA ni Pretoria, Afrika Kusini, na I ni Bombay. Viwanda hivi viwili vya mwisho vilisaidia wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Sarafu isiyo na herufi kwa kawaida ilipigwa London. Haya ndiyo matoleo tofauti. Mkusanyaji makini huyatafuta yote ya mwaka mmoja, na huenda moja likawa ghali kuliko mwenzake, lakini hakuna aliyekosea.

Shilingi za kabla ya 1948 nazo zina kesi yao. Fedha ndani yake ni robo tu, metali nyingine ni robo tatu. Simba anaposugulika mgongoni, rangi hufifia au hupiga wekundu, na mtu akaapa kwamba ni bandia. Ni uchakavu huo.

Hitilafu za kweli

Zipo. Mara nyingi hukaa kwenye tundu. Tundu la senti hutobolewa kwenye kipande kitupu kabla ya kupigwa chapa, na mashine ikiyumba tundu huenda upande, au kipande kikapita bila kutobolewa kabisa. Hapo ndipo mafundi wa mtaani nao wanapopata riziki. Mmoja atapanua tundu kwa keekee, mwingine ataliziba kwa risasi na kulipaka rangi. Shikeni lenzi. Tundu la kiwandani lina ukingo uliolainika, kwa kuwa muhuri uliugandamiza pamoja na maandishi. Tundu la keekee lina ncha kali na mikwaruzo ya kuzunguka. Tundu lililozibwa huonyesha mstari mwembamba wa duara pale metali mbili zinapokutana.

Upande mmoja ukiwa umegeuka ukilinganisha na mwingine, msiharakishe kushangilia. Ishikeni kwa vidole viwili juu na chini, izungusheni, kisha fanyeni hivyo hivyo kwa sarafu nyingine tatu au nne za aina hiyohiyo. Ikiwa ni hiyo peke yake iliyogeuka kwa kiasi cha kuonekana waziwazi, hiyo ni hitilafu. Rupia zenye alama ya kulehemu ukingoni hazina hitilafu; zilivaliwa kwenye mikufu. Sonara hakosekani katika historia ya rupia ya pwani.

Tabora, 1916

Kwa tofauti za mihuri, hakuna darasa zuri kuliko sarafu za Tabora. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Wajerumani walikuwa wamezingirwa, meli hazipiti, chenji imekwisha. Wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu, wakapiga heller 5 na heller 20 kwa shaba na shaba nyeupe, yakiwemo maganda ya risasi. Mihuri ilichongwa kwa mkono na haikufanana. Katika heller 20 utakuta taji kubwa na taji dogo. Upande wa pili, ncha za herufi L mbili za neno HELLER zimechongoka kwenye muhuri mmoja, zimejikunja kwenye mwingine, na kwenye wa tatu ni L ya pili tu iliyojikunja. Changanya pande hizo na metali mbili, utaona kwa nini mkusanyaji haridhiki na moja. Kupinda, kupasuka ukingo na chapa hafifu kwa sarafu hizi ni hali ya kawaida. Tabora ilianguka Septemba 1916, kazi ikaishia hapo.

Humo humo zilipigwa rupia 15 za dhahabu, zipatazo 16,000 tu, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Zina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Kuna mihuri miwili: kwa mmoja nakshi ya kulia inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, kwa mwingine chini ya A ya kwanza. Halali ina uzito wa gramu 7.17 hivi na upana wa milimita 22. Nakala zake ni nyingi mno. Mtu akikuonyesha rupia 15 mbili kwa siku moja, funga mfuko wako.

Za kughushi

Mghushi wa kwetu husalitiwa kwanza na historia. Rupia yenye jina la Kampuni ya Kijerumani haiwezi kuwa ya mwaka 1910, maana rupia za Kampuni ziliishia 1902 na kuanzia 1904 zikaandikwa jina la koloni. Sarafu ya rupia mbili ilipigwa mwaka 1893 na 1894 tu. Cheo cha Kaizari wa India (IND IMP) kiliondolewa kwenye sarafu za Afrika Mashariki baada ya India kujitawala mwaka 1947, kwa hiyo shilingi ya 1950 yenye IND IMP ni ya kutengenezwa mtaani. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye jina la Malkia Elizabeth haikupigwa kabisa. Yeye yumo kwenye senti na sumni.

Ikipita mtihani wa tarehe, leteni sumaku. Hakuna hata moja kati ya sarafu nilizotaja inayopaswa kunaswa. Kisha nendeni kwa sonara mkaazime mizani. Wekeni kikombe cha maji juu yake, irudisheni kwenye sifuri, muifunge rupia kwa uzi mwembamba na kuizamisha bila kugusa kikombe. Rupia halali ina gramu 11.66 na fedha ya 917 kwa elfu, hivyo mizani itasoma kama gramu 1.13. Ikisoma 1.3 hivi, mkononi mna shaba iliyochanganywa nikeli. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya bei mbaya wala mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Riali ya Maria Theresa inataka neno lake. Karibu zote zimeandikwa 1780, hata zile zilizopigwa London kuanzia 1936. Tarehe hiyo si ushahidi wa umri, na mwenye kuiuza kama mali ya karne ya 18 anapaswa kuonyesha zaidi ya tarehe.

Maombi yangu kwenu

La kwanza, acheni kusugua sarafu kwa ndimu, majivu au mchanga. Mkusanyaji analipia ngozi ya zamani ya metali, na ukishaiondoa hairudi. Alama tulizozizungumzia nazo hupotea pamoja nayo.

La pili linawahusu zaidi vijana wanaopita Tongoni na magofu mengine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu ndogo za shaba za enzi za Kilwa zimo ndani ya sheria hiyo. Ukiziona ardhini usizichimbue wala usizipeleke sokoni. Piga picha mahali zilipo, kisha mpe taarifa ofisa utamaduni wa wilaya.