Karani Habebi Magunia

(Hotuba iliyosomwa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa kuzungumza juu ya faida za sayansi. Kwa ruhusa yenu, nitaanza na kosa langu.

Mwaka jana niliwakuta vijana wa Klabu ya Sayansi wakitengeneza feni ndogo. Walikuwa na bodi moja tu, Arduino Uno, waliyoinunua kwa michango yao. Kwa kuwa mimi ni mtu wa digrii, tena nimevaa tai, waliniuliza mota iungwe vipi. Nikasema, "Iungeni moja kwa moja kwenye pini." Kijana mmoja wa Kidato cha Pili akasema, "Samahani mzee, pini haitaweza." Nikamwambia aache ubishi. Feni ilizunguka kidogo, ikasimama, na pini ile haikufanya kazi tena. Nikasema bodi ilikuwa mbovu, nikaenda zangu kula pilau.

Ndugu zangu, bodi haikuwa mbovu. Pini ya bodi ile inafaa kutoa umeme wa miliampea 20. Ikizidi 40 huweza kuharibika. Mota ndogo ya kuchezea huweza kudai 200, na inapoanza kuzunguka au inapokwama hudai zaidi ya hapo. Pini ni kama karani wa ghala: kazi yake ni kuandika hati, siyo kubeba magunia. Mbebaji ni transista.

Basi vijana, andikeni. Chanya ya betri iende kwenye mota. Kutoka kwenye mota iende kwenye kolekta ya transista, kwa mfano 2N2222. Emita iende kwenye hasi. Pini iunganishwe na beisi kwa kupitia rezista ya omu 270. Hapo pini itatoa miliampea 15 hivi tu, na mota itapata umeme wake kutoka kwenye betri. Hasi ya betri na hasi ya bodi hapana budi ziunganishwe, ama sivyo amri ya pini haitafika.

Tena msisahau dayodi, kama 1N4001, sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea kwenye chanya. Umeme wa mota ukikatwa ghafla, koili zake hutoa volti kubwa kwa kinyume, nazo huweza kuua transista. Dayodi huupa umeme huo njia ya kuishia.

Hayo yote kijana yule alikuwa ameyasoma. Mimi sikumpa nafasi ya kuyasema.

Leo nimeleta bodi nyingine, transista na dayodi. Hilo ni deni dogo. Deni kubwa ni lako, mdogo wangu uliyekaa pale nyuma, sasa Kidato cha Tatu. Ulisema kweli, nami nilikunyamazisha, kisha nikasingizia bodi. Nisamehe. Nakuomba uje hapa mbele uiunge mota hii mwenyewe, sisi wazee tukutazame.

Nanyi wenzangu, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tuwaulize na wadogo zetu.