Mvua Ikinyesha Landless, Shosho Haendi Kanisani

Mvua ikikesha hapa Landless, mtaa wa Thika, asubuhi yake utamkuta mtu mzima amesimama kando ya mtaro akipiga hesabu. Juu ya mtaro kumelazwa ubao, mabaki ya ujenzi, msumari mmoja bado umechomoza, na watoto wa shule wameshapita wakaupaka tope lote la viatu vyao. Kijana anaruka tu. Mama mwenye mtoto mgongoni anajaribu kwa ncha ya mguu, kisha anavuka. Shosho wa miaka sabini na kitu anautazama ubao, anatazama ng'ambo liliko kanisa, halafu anageuza gambuti zake na kurudi nyumbani.

Hakuanguka. Kwa hiyo hakuna atakayemhesabu. Hospitali ya Thika Level 5 itamwandika aliyevunjika nyonga. Huyu aliyerudi nyumbani hana faili. Mimi nasema huyu ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Wasomi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ila kila mmoja kwenye kona yake. Mwaka 1990, Mary Tinetti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitunga maswali 10 ya kumuuliza mzee: una uhakika kiasi gani kwamba utaoga bila kuanguka? Utavaa nguo? Utainuka kitandani? Walichokuwa wakipima ni imani ya mtu katika miguu yake mwenyewe. Anayeogopa kuanguka hupunguza kutoka, akipunguza kutoka hudhoofika, na akishadhoofika basi kuanguka kwenyewe hakuko mbali.

Lakini tazama: maswali yote 10 yalikuwa ya mambo ya ndani ya nyumba. Moja lilihusu kwenda kufungua mlango au kupokea simu, maana simu ya siku hizo ilikuwa na mahali pake, ukaifuata. Ilipofika 2005, watafiti wa Ulaya waliyaongeza yakawa 16, wakatia kutembea panapoteleza kwa maji au barafu, na kutembea kwenye ardhi isiyo sawa. Hapo Landless ikaingia kwenye karatasi bila mtu kuitaja.

Kona nyingine ni ya watu wa hadubini. Mwaka 1961, Alexander Mauro alikuwa akichunguza msuli wa chura, akaona seli ndogo zimejibana kando ya nyuzi za msuli. Seli hizo ni kama fundi wa jua kali aliyekaa kando ya barabara akingoja kazi: msuli ukiumia, zinaamka na kuukarabati. Uzeeni hupungua, na zilizobaki hazina haraka. Sasa ongeza kukaa bila kutembea. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wazima, wasio na ugonjwa, kwa siku 10. Miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Siku 10 tu! Shosho wetu halali mchana kutwa. Anapika, anafagia, anazunguka uani. Ila mvua ndefu hapa si ya siku 10, ni kuanzia Machi hadi Mei.

Kona ya tatu ni ya barabara, na hapa niwapeleke Uswidi kwenye theluji. Mji wa Karlskoga ulikuwa ukisafisha barabara kuu kwanza, njia za miguu mwisho. Wakajiuliza ni nani hasa anayeumia barafu ikitanda. Ni watembeao kwa miguu, kuliko wenye magari, na wengi wao ni wanawake. Wakageuza ratiba: njia za miguu zikatangulia. Gari hupita kwenye theluji kidogo bila shida kubwa. Mtu mwenye mkongojo hapiti.

Sisi hatuna theluji. Tuna udongo mweusi ambao ukilowa unavimba na kunata hadi unamvua mtu kiatu. Na tuna greda. Greda ikija, mara nyingi hupara katikati pakanyooka vizuri, tope lote likasukumwa pembeni, likaziba mtaro na kuacha tuta mbele ya lango la mtu. Dereva anashukuru. Anayetembea pembeni amepandishiwa mlima.

Na pesa zipo, zinatoka mfukoni mwetu. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli hutozwa shilingi 25 za kutunza barabara, kutoka 18. Shosho akiuogopa mtaro, anapanda bodaboda, na ndani ya nauli ile mna ushuru huo. Yaani barabara imemshinda kutembea, na bado anailipia. Kama yumo katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Toa nauli za boda, uone kinachobaki.

Na maarifa yapo: Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya kinachofundisha afya. Juja, mwendo mfupi kwa matatu, kuna chuo kikuu cha JKUAT chenye wahandisi. Sioni kwa nini mwanafunzi wa huku na mwenzake wa kule wasiandike kazi moja kuhusu mtaro mmoja. Mbinu rahisi zipo: Profesa Makoto Kimura wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake wamewafundisha vijana Wakenya kujaza magunia udongo, kuyafunga, kuyapanga penye tope na kuyashindilia mpaka gari lipite. Likipita gari, shosho atashindwaje?

Kisheria, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Wananchi wana haki ya kutoa maoni. Ukipata nafasi hiyo, usianze na lami. Lami itakuweka miaka. Dai mitaro izibuliwe Februari, kabla ya mvua. Dai vivuko vya zege vyenye chuma cha kushika. Dai greda isiache tope malangoni. Na kikao kikiitwa ng'ambo ya mtaro, aliyekiita alipe boda ya shosho, kwenda na kurudi.