NANI ANASIMULIA?
Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama na viongozi wa vijiji, Bihambwe

Leo tuzungumze juu ya mtu anayesimama nyuma ya kila hadithi, yaani msimulizi.

Tutunge hadithi fupi. Usiku ng'ombe wanaingia katika shamba la maharagwe. Asubuhi mwenye shamba anasema: "Nimekuta jasho langu la miezi mitatu limeliwa. Mchungaji aliwaachilia makusudi." Mchungaji naye anasema: "Mvua iliangusha ua, nikawatafuta usiku kucha. Alfajiri nimekuta mmoja amekatwa mguu. Wanatuchukia." Kila mmoja anasema kweli juu ya aliyoyaona, lakini ameyaona kutoka mahali pake. Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Sasa angalieni maneno mawili: "makusudi" na "wanatuchukia". Hayo hakuna aliyeyaona kwa macho. Katika vitabu vya hadithi kuna msimulizi anayesema "mimi", naye anajua yaliyompata yeye tu. Kuna mwingine ambaye mwandishi amempa uwezo wa kuingia kila nyumba na kusoma kila moyo. Huyo wa pili anaishi kitabuni. Katika vilima vyetu hayupo. Lakini tunaposimulia vita, wengi tunatwaa sauti yake: "Wale wote walikusudia kutumaliza." Hapo "mimi" imegeuka "sisi", na mtu mmoja mwenye panga amegeuka kabila zima.

Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea upesi hadi Masisi. Maelfu walikufa, wengi wakahama. Tangu hapo kila upande una hadithi yake. Mmoja anaanzia kwenye ardhi ya mababu, na Wabelgiji walioleta watu kutoka Rwanda kuanzia 1937. Mwingine anaanzia kwenye sheria ya 1981, iliyotia mashaka uraia wa watu waliozaliwa hapa. Yote mawili yalitokea. Lakini anayechagua mahali pa kuanzia hadithi mara nyingi amekwisha kuchagua mkosaji.

Mwaka 1965, katika mji unaoitwa leo Lubumbashi, André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huo kama walivyoijua waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Wazungu. Mabwana nao walikuwa na historia yao. Mji ni mmoja, lakini ukitazamwa kutoka jikoni haufanani na ule unaotazamwa kutoka barazani. Anayetaka kuujua mji asikilize pande zote mbili.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mtu ana haki sawa, wala kwamba aliyeua asiulizwe. Aliyeua ajibu mbele ya sheria. Ndiyo sababu shahidi huulizwa: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Ushahidi wa kweli humtaja aliyetenda, na huwaacha jirani zake ambao hawakutenda.

Basi, unapoletewa habari kambini au sokoni, uliza mambo matatu kabla ya kuipeleka mbele. Anayesimulia alikuwa wapi? Ni lipi aliliona, na ni lipi analidhani? Nani alikuwepo ambaye hatujamsikia? Habari isiyojibu maswali hayo inaweza kuwafukuza watu usiku kabla hata risasi moja haijalia.

Nanyi wakuu wa vijiji, mnapokata shauri la shamba, msiwaache wawili waanze kujibizana. Mmoja aseme yote. Kisha mwenzake arudie aliyoyasikia, mpaka wa kwanza akubali: "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Halafu wabadilishane. Kurudia si kukubali. Lakini mtu aliyetamka kwa kinywa chake njaa ya mwenzake hatasema tena kwamba hakuijua.

Jioni hii, watoto wakiomba hadithi, wasimulieni ile ya ng'ombe na maharagwe mara mbili, kwa vinywa viwili. Kisha waulizeni: yule ng'ombe aliyekatwa mguu angesema nini?