JIKO LIPI LIFAALO NYUMBANI KWA MTUMISHI?
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo imepigwa chapa hapa kwa agizo la Kamati)



Katika mkutano uliopita Kamati ilituteua sisi watatu tuchunguze jambo ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza huonekana dogo, nalo ni majiko. Wengine walicheka, wakauliza: Je, Chama cha watumishi kina habari gani na mambo ya jikoni? Jibu letu ni hili. Maombi mengi ya mkopo yaliyomfikia Mweka Hazina yalikuwa ya kununua majiko, na fedha hizo si mali ya mtu mmoja. Ni akiba yetu sote, iliyokatwa katika mishahara mwezi kwa mwezi. Mtu akikopa kwa kitu kisichomfaa, hupata hasara yeye, tena hukosa zamu yake mwenziwe aliyekuwa na haja ya kweli.

Kabla ya kutoa shauri lo lote, yatupasa kukiri mambo mawili. La kwanza, wawili kati yetu hatujasonga ugali wa watu sita tangu tulipotoka shuleni. Kwa sababu hiyo tuliona ni haya kukaa ofisini na kuandika habari za wapishi bila ya kuwauliza wapishi. Tuliwaendea wake zetu, mama zetu na makarani wenzetu wa kike, ambao hutoka kazini saa tisa na nusu alasiri na kabla jua halijatua wako mbele ya moto. Maneno mengi yaliyo bora katika hotuba hii ni yao.

La pili ni zito zaidi. Mmoja wetu sisi watatu alikopa katika mfuko huu akanunua jiko la umeme la kioo, lenye pleti nne, la kupachikwa mezani. Hakumwuliza mkewe, alitaka kumfurahisha kwa ghafula. Jiko lilipofika, ilionekana kwamba sufuria zote za nyumbani zilikuwa za alumini, nalo lilikuwa jiko la sumaku lisilokubali alumini. Akanunua sufuria nyingine. Baada ya miezi mitatu akapata uhamisho kwenda wilaya ya mbali, akapewa nyumba ya zamani ambayo waya zake zilitiwa kwa ajili ya taa na pasi tu. Jiko liliwashwa siku moja, soketi ikayeyuka, na moshi ukajaa chumbani. Tangu siku ile jiko lile ni rafu ya kuwekea masahani, na deni lake lilikatwa mshahara hata mwezi wa mwisho. Mwenzetu ametupa ruhusa tuyaseme haya, akasema, Afadhali aibu yangu iwafae watu.

Wazee wetu walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Sisi nasi twaona kwamba uchaguzi wa jiko husimama juu ya mafiga matatu: usalama wa watu wa nyumbani, gharama ya kila siku, na chakula chenyewe pamoja na vyombo vyake. Aliyechagua kwa figa moja tu, yaani bei ya dukani au uzuri wa sura, chungu chake kitapinduka.

Figa la kwanza ni usalama. Kuni na mkaa ndizo zilizotulea, wala hatuji hapa kuzitukana. Walakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020, na kati yao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Mkaa una hila zaidi ya kuni, maana moshi wake hauonekani sana, na mtu hudhani hauna madhara. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo wanachama walioko katika nyanda za baridi, twawasihi: msiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Walalao hawaisikii sumu hiyo, huwachukua usingizini.

Majiko ya mafuta ya taa ni ya namna mbili. Lile la kupampu lilitengenezwa kwanza na Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden mwaka 1892, na la tambi ndilo watu waliitalo jiko la Mchina. Yote mawili yataka uangalifu: usiongeze mafuta moto ukiwaka, wala usikubali mafuta yaliyochanganywa na petroli.

Gesi ya mtungi huwaka safi, nayo ni rahisi kuwasha na kuzima. Lakini ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi dirishani, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya. Yenyewe haina harufu. Harufu ile kali hutiwa makusudi ili itupe habari. Ukiisikia, usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje. Kila unapobadili mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata. Povu likitoa mapovu mapya, gesi yavuja. Mtungi na usimame wima, wala usilazwe kamwe. Tena uangalie mwali: wa buluu ni mzuri, bali wa manjano wenye kuacha masizi chini ya sufuria waonyesha kwamba jiko lataka kusafishwa au hewa haitoshi.

Umeme hauna moshi wala mwali, lakini wadai waya. Soketi ya kawaida ya ampea 13 huweza kubeba kadiri ya wati 3,000. Jiko la pleti moja au mbili ndogo laweza kutumia soketi hiyo, likiwa peke yake, bila ya waya wa kuungaunga ambao una pasi na birika pia. Jiko la pleti nne laweza kufika wati 7,000, yaani kadiri ya ampea 30. Hilo lataka waya wake mnene na swichi yake ya kukata, na fundi aliyeidhinishwa. Mwenzetu hakujua haya, na muuzaji hakuulizwa.

Figa la pili ni gharama. Hapa watu wengi hulinganisha bei ya jiko, wakasahau bei ya moto. Sisi makarani tumezoea hesabu, basi na tuifanye. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja; jiko la wati 2,000 likiwaka nusu saa limekula uniti moja. Kilo moja ya gesi ina joto la kadiri ya uniti 13. Lakini joto lote haliingii chunguni. Katika mwali wa gesi, zaidi kidogo ya nusu huingia, na lililobaki hupita kandokando. Katika pleti ya koili huingia kadiri ya robo tatu, na katika jiko la sumaku kadiri ya asilimia 85, kwa sababu hapo chini ya sufuria ndipo panapozaa joto.

Ukizidisha na kugawanya, utaona kwamba mtungi wa kilo 6 hufanya kazi ya kadiri ya uniti 50 za jiko la sumaku, au kadiri ya uniti 57 za jiko la koili. Basi mwanachama achukue stakabadhi yake ya LUKU, aone uniti 50 zamgharimu kiasi gani, kisha alinganishe na bei ya kujaza mtungi dukani kwake. Bei hubadilika na mahali hutofautiana, lakini kanuni hii itamfaa po pote atakapopelekwa.

Na asiyeweza kuacha mkaa mara moja, basi aache jiko la bati tupu. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililotengenezwa Kenya katika miaka ya mwanzo ya 1980 kwa kufuata mfano wa Thailand, hushika joto vizuri zaidi na kupunguza mkaa, yapata theluthi moja. Tofauti ya bei hurudi upesi. Illa sumu tuliyoitaja haikuondoka kwa sababu ya udongo. Jiko hili nalo mahali pake ni penye hewa.

Figa la tatu ni chakula na vyombo, na hapa ndipo tulipofundishwa na akina mama. Mama mmoja alituuliza: Je, jiko hilo mnalolisifu laweza kustahimili mwiko? Hatukuwa na jibu. Ugali husongwa kwa nguvu, sufuria hubanwa na kuzungushwa. Jiko la gesi lenye miguu myepesi hutetemeka, na kioo hakipendi kupigwa. Kwa hiyo anayekula ugali kila siku achague jiko zito lenye vishikio vipana vya sufuria, aliweke juu ya meza fupi iliyo imara, ili msongaji asimame juu ya kazi yake.

Chungu cha udongo, chenye kitako cha mviringo, kilizaliwa kwa ajili ya mafiga. Hakikai juu ya pleti bapa. Pleti ya chuma na ya koili hutaka sufuria yenye kitako bapa, kwa maana iliyobonyea hupoteza joto. Jiko la sumaku hutaka chombo cha chuma. Kabla ya kununua, chukua sumaku ndogo, igusishe chini ya kila sufuria yako: ikinata, chombo chafaa, isiponata, chombo hakitapata moto hata kidogo. Kikaango cha chapati cha chuma kizito hunata, na twaambiwa chapati zake huiva vizuri. Alumini hainati, nayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu.

Maharage nayo yana hesabu yake. Yakipikwa katika sufuria ya kawaida hula moto mwingi kuliko chakula kingine cho chote cha wiki. Yakilowekwa usiku kucha, kisha yakapikwa katika chungu cha umeme cha kukaza mvuke, huiva bila ya kufikisha uniti moja. Dada mmoja wa ofisi ya masijala alituambia kwamba chombo hicho kimoja kimempa saa nzima ya jioni ya kusikiliza masomo ya watoto wake. Na upande wa pilau, mpishi wa pwani atataka bado makaa machache ya kupalia juu ya kifuniko. Hatumkatazi; apalie uani, penye hewa.

Kisha kuna jambo la nne, lituhusulo sisi watumishi zaidi ya watu wengine, nalo ni uhamisho. Nyumba tukaayo si yetu, na barua ya uhamisho haiulizi kama umeshapachika jiko mezani. Jiko la mtumishi liwe lenye kufungwa katika sanduku na kupakiwa garini. Tena lisitegemee njia moja peke yake: umeme hukatika, na gesi huweza kukosekana dukani juma zima.

Basi shauri letu ni hili. Kwa nyumba nyingi za wanachama lifaalo ni jiko la gesi la pleti mbili, zito na la kuchukulika, likisaidiwa na chungu cha umeme cha mvuke kwa maharage na nyama ngumu. Mwenye nyumba yake mwenyewe, waya mzuri na umeme wa kutegemeka, jiko la sumaku la pleti moja au mbili lamfaa sana, baada ya kupima sufuria zake. Jiko la pleti nne la kupachikwa tunaliacha kwa aliyejenga na asiyetazamia kuhama.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi, kusudi asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Neno hilo ni jema. Lakini halitatimizwa kwa majiko yaliyogeuka rafu.

Kwa sababu hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali kwamba kila ombi la mkopo wa jiko liambatane na majibu ya maswali matano: Nyumba ina watu wangapi? Waya wake umekaguliwa na fundi? Sufuria zilizopo zafaa? Gesi hupatikana umbali gani? Na la tano, ambalo mwenzetu ametuomba tulitie kwa jina la deni lake: Je, yule atakayepika ameulizwa, na ametia sahihi yake?

Tukikubali hayo, akiba yetu itakuwa salama, na pamoja nayo macho na mapafu ya wale watupikiao. Hayo ndiyo tuliyotumwa.