Kilomita 700 Zilizogeuka 2,000

Wiki hii nilimsaidia mwanangu kazi ya jiografia aliyopewa shuleni. Alitakiwa apime kwa rula umbali kati ya miji miwili ya Asia, kisha akadirie muda wa safari kwa ndege. Alichagua Taipei, kisiwani Taiwan, na Shanghai, China bara. Akapata karibu kilomita 700. Kwa ndege ya abiria, akasema, haizidi saa moja na nusu.

Nikamwambia hesabu yake ni sahihi, lakini kwa miaka karibu sitini msafiri asingeweza kuitumia.

Mwaka 1949 serikali ya Chiang Kai-shek ilishindwa vitani na Wakomunisti, ikakimbilia Taiwan. Njia za moja kwa moja za ndege, meli na barua zikakatwa. Askari kwa mamia ya maelfu walivuka bahari wakiwaacha wazazi, na wengine wake na watoto, wakidhani watarudi baada ya muda mfupi. Ni Novemba 1987 tu ndipo Taipei ilipowaruhusu watu wake kwenda bara kuwaona ndugu. Vijana wale sasa walikuwa wazee, na wengi walipofika kwao waliwakuta wazazi makaburini.

Hata baada ya ruhusa hiyo, mzee aliyekwenda Shanghai hakuweza kwenda moja kwa moja. Mara nyingi aliruka kwanza kiasi cha kilomita 800 hadi Hong Kong, akashuka na mizigo yake, akasubiri ndege nyingine, kisha akaruka kilomita zaidi ya 1,200 kurudi kaskazini. Kilomita 700 zikawa 2,000, na siku yake ikaishia njiani.

Julai 2008 pande mbili zilianza kuwa na safari za moja kwa moja za mwisho wa wiki. Lakini ndege bado zilitakiwa kuzunguka kupitia anga ya Hong Kong, bila kutua, ndipo zielekee zinakokwenda. Desemba 15, 2008 njia iliyonyooka ilifunguliwa, na safari ya Taipei na Shanghai ikawa ya dakika 80 hivi. Milima haikuhamishwa wala bahari haikupunguzwa. Watu waliketi mezani, wakatia saini.

Hata hivyo, Januari 2018 Beijing ilipanua matumizi ya njia moja ya anga katika mlango wa bahari wa Taiwan bila makubaliano. Taipei ikajibu kwa kukataa safari za ziada za sikukuu ya mwaka mpya. Walioumia ni abiria waliotaka kula sikukuu na jamaa zao.

Tusiwacheke. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi nako ni karibu kilomita 700. Mpaka wetu ulipofungwa Februari 1977, ulikaa hivyo hadi Novemba 1983, na wazee wetu wanakumbuka jinsi Nairobi ilivyokuwa mbali ghafla.

Waswahili husema mwenda kwao si mtumwa. Basi wenye madaraka, wanapogombana, wakumbuke kwamba yuko mzee mahali fulani anayehesabu miaka iliyobaki, na kwake kila mwaka wa kuzungushwa ni mwingi.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena wiki ijayo.