Tutoe Shafti kwa Utaratibu

Ndugu wanakijiji,

Mashine yetu ya kusaga ikipiga kelele na beringi zikawa moto sana, tusiendelee kusaga. Shafti, yaani ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani, itolewe.

Kwanza, tuzime injini. Tungoje isimame kabisa, ndipo tuvue mkanda. Mkono usitangulie!

Pili, vile vyuma vya kusagia tuvitie alama, kila kimoja kirudi mahali pake. Vikichanganywa uzito haulingani, mashine itatetemeka na beringi mpya zitakufa upesi.

Tatu, tufungue bolti, tuinue shafti watu wawili. Beringi zivutwe kwa kifaa cha kuvutia. Tusigonge shafti kwa nyundo. Ikipinda, kina mama watarudi kwenye kinu na mchi.

Basi ndugu, haraka haraka haina baraka.